Weka kopo la thina chini kwanza: jibu kwa kijana wa Moshi mwenye maorki 12

"Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nina miaka 19. Shangazi yangu aliyeko Uingereza alinitumia boksi la Blood Bowl, ule mchezo wa mezani wa mpira unaochezwa kwa vidoli, timu ya maorki 12 (yale majitu ya hadithini ya kijani yenye meno), nikaunganisha wote nikaanza kuwapaka. Rangi za vidoli sina, nikatumia rangi ya mafuta ya hadiwea ile ya vikopo vidogo. Nimepaka wanne. Sura zimepotea kabisa, macho na meno havionekani, na leo siku ya nane rangi bado inanata, nikishika inabaki alama ya kidole. Kaka anasema nitumbukize kwenye thina itoke yote nianze upya. Pia kila mchezaji ana pacha wake kwenye boksi, wamefanana, nikataka mmoja awe golikipa anayeruka, nikakata mkono nikaubandika na supagluu ukakaa siku mbili ukadondoka, na pale pameota weupe kama ukungu. Nataka timu ivae jezi ya Yanga. Je nimeshaharibu? Na ni lazima ninunue rangi zao za bei mbaya? Dada yangu anasema rangi ya kucha ingetosha."

Marahaba mdogo wangu. Hujaharibu. Una vidoli wanane hata brashi haijawagusa na wanne ambao wanaokoleka, ila kabla hujasoma mstari mwingine hilo kopo la thina liweke mbali na mwambie kaka asubiri.

Hao maorki ni plastiki ya polistairini, jamaa wa karibu kabisa wa lile povu jeupe linalokuja limebana TV mpya kwenye boksi. Fanya jaribio moja nje ya nyumba, chukua kipande cha povu hilo udondoshee tone moja la thina uangalie. Panatoboka hapo hapo, povu linazama kama barafu kwenye chai ya moto. Kidoli chako ni kigumu zaidi kwa hiyo hakitaisha kwa sekunde tano, ila pembe za meno, vidole, kamba za viatu, vile vitu vidogo ulivyovipendea ndio vinaanza kulainika kwanza, ukikitoa unakuta umeshika kitu kama sabuni iliyotumika. Petroli ni hivyo hivyo, na juu yake kuna moto. Na rangi ya kucha aliyosema dada, ndani yake kuna vimiminika vya ukoo huo huo, ndio maana inakauka haraka vile, kwa hiyo inakula plastiki wakati inakauka. Mwambie asante lakini hapana.

Sasa tuje kwenye kinachokusumbua kweli, kwa sababu naona kwenye swali lako kama unadhani mkono wako ndio mbaya. Mimi kabla sijaingia kwenye vidoli nilikuwa napaka Tingatinga za kuwauzia watalii hapa Arusha, na ile rangi unayoitumia wewe ndio ilikuwa mkate wangu. Mzee Edward Tingatinga mwenyewe alipoanza Dar mwishoni mwa miaka ya 60 alipaka kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, na ni rangi nzuri sana, inang'aa, inajitandaza yenyewe hata alama ya brashi huioni. Tatizo ni hapo hapo kwenye kujitandaza. Kwenye ubao ni sifa, kwenye uso wa kidoli ni msiba, maana inatiririka kwenye kila shimo inajaza, inatoka kwenye kila ukingo, mwisho wa siku jicho na shavu vinakuwa uwanja mmoja.

Piga hesabu hii. Kidoli chako kina kama milimita 30 kwenda juu, tuseme anawakilisha mtu wa sentimita 180. Maana yake kila milimita moja ya kidoli ni sentimita 6 za mtu. Ukiweka rangi yenye unene wa milimita 0.2 tu, ambao kwenye mlango wa geti hata huuoni, kwake yeye ni sawa na kupigwa plasta ya sentimita 1.2 mwili mzima, uso, masikio na kope. Nani atamtambua? Basi mambo karibu yote ya kupaka vidoli yanatoka hapa, rangi iwe nyembamba kuliko unavyodhani inawezekana.

Na kwa nini inanata siku nane? Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Thina yake ikishapepea, mafuta yaliyobaki yanashikana na hewa ya oksijeni taratibu mpaka yanakuwa magumu, na kazi hiyo inaanzia juu. Pakiwa pembamba hewa inafika mpaka chini, pakiwa panene juu panafunga ngozi kama maziwa yaliyochemka na chini panabaki pabichi, wiki mbili, mwezi, na ukipaka wakati wa baridi ya mwezi wa saba hapo Moshi chini ya mlima inachelewa zaidi. Ukiongeza kwamba kidoli hakikuoshwa, mafuta ya vidole vyako na yale ya kiwandani yako chini, wala hukuweka andakoti, yaani rangi ya chini ya kushikia, hiyo alama ya kidole ilikuwa lazima itokee.

Hao wanne wafanyeje? Ushauri wangu, na wengine watabisha, waache kwanza. Waweke kwenye boksi lenye hewa, paka wale wanane vizuri, wanne utawarudia ukiwa na mkono uliozoea. Kusafisha rangi ni kazi ya uvumilivu, ukianza nayo utachoka kabla ya kuonja utamu wenyewe.

Siku ukiwarudia, jaribu Dettol, ile ya kahawia ya kwenye chupa, bila kuchanganya na maji. Wapenzi wa mchezo huu Uingereza wameitumia miaka mingi na plastiki ngumu inaivumilia. Mloweke mmoja tu kwanza kwenye chupa ya jemu usiku mzima, kesho yake vaa glovu msugue na mswaki wa zamani, na hapa sikiliza vizuri, usimweke kwenye maji bado. Rangi iliyolainishwa na Dettol ikikutana na maji inageuka gundi nyeusi inayong'ang'ania kila mahali. Suuza kwa Dettol nyingine safi, futa na kitambaa, ndio mwisho maji na sabuni ya vyombo. Kwa rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, inatoka vizuri sana, kwa hii yako ya mafuta itategemea imekauka kiasi gani, inaweza kutaka kulowekwa mara mbili au tatu. Utasikia pia habari ya kostiki, ile wanayopikia sabuni mtaani, na ni kweli inaondoa rangi ya mafuta bila kugusa plastiki, kwa sababu inayageuza yale mafuta kuwa sabuni kabisa. Lakini tone moja likiruka jichoni unaweza kupoteza jicho, kwa hiyo mimi simshauri mtu afanye nyumbani kwa ajili ya vidoli wanne.

Rangi za bei mbaya siyo lazima. Zinasaidia, nisikudanganye, chembe zake zimesagwa laini sana ndio maana unaweza kuipaka nyembamba na bado ikaonekana. Lakini akriliki za tyubu zinazouzwa stationari kubwa kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa zinafanya kazi. Nunua nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu, bluu na kahawia, ukichanganya hizo unapata zote. Unachotakiwa kununua kizuri ni brashi moja, namba 1, yenye ncha inayorudi kuwa kali ukiilowesha. Watu wengi wanakimbilia brashi ndogo kama sindano, hiyo inakaukia rangi kabla hujafika kwenye kidoli. Ncha ndio muhimu, tumbo la brashi ni la kubebea maji tu.

Uzito wa rangi: iwe kama maziwa fresh, isiwe mtindi. Ipitishe kwenye ukucha wako wa gumba, ukiona ukucha kwa mbali chini yake basi iko sawa. Mkono wa kwanza wa rangi utaonekana mbaya, una madoa, umepauka, na hapo ndipo wengi wanaogopa wanaongeza rangi nzito. Usiongeze. Subiri dakika 15 akriliki ikauke, maana yenyewe inakauka kwa maji kuondoka tu haisubiri oksijeni, afu weka mkono wa pili na wa tatu. Na kwa sababu kiangazi rangi inakauka mpaka kwenye sahani, chukua kontena la plastiki, weka sponji lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, changanyia rangi hapo, itakaa bichi jioni nzima.

Kabla ya yote hayo osha vidoli na sabuni ya vyombo kwa mswaki, waache wakauke, wapige andakoti. Sprei ya primaa ya magari inafaa lakini ijaribu kwanza kwenye ile fremu ya plastiki uliyowakatia, ukiona panalainika au panakunjamana achana nayo. Simama kama sentimita 25, pita haraka haraka kwa mikupuo mifupi, ukisogea sana inazama ikawa ile ile plasta, ukienda mbali sana rangi inakauka hewani inafika kama mchanga. Fanya nje, saa nne asubuhi ukungu ukishaondoka na upepo wa vumbi haujaanza. Mvua za masika ziache zipite, unyevu ukinaswa ndani ya sprei unaleta weupe. Huo ni weupe tofauti na ule wa supagluu, nitaufikia.

Jezi ya Yanga, hapa nimefurahi sana kwa sababu ni swali zuri kuliko unavyojua. Orki ana ngozi ya kijani, Yanga ni kijani na njano, ukimvika kijani juu ya kijani ukimweka mezani mita moja kutoka machoni utaona bonge moja la kijani lenye meno. Kwa hiyo njano iwe ndio jezi, kijani kiwe cha mikono na mistari, na hizo kijani mbili uzitenganishe. Ngozi ifanye ya ganda la parachichi, nzito, ina kahawia ndani yake, na kijani cha jezi kiwe cha jani changa la mgomba, kikali. Kati yao piga mstari mwembamba mweusi pale jezi inapokutana na shingo na kiwiko. Nyeusi ni rangi ya Yanga pia, kwa hiyo hujavunja heshima ya klabu.

Njano yenyewe ni ngumu, nikuonye mapema. Chembe za njano nyingi zinapitisha mwanga, chochote kilicho chini kinaonekana, na njano juu ya nyeusi inageuka kijani cha bwawa. Andakoti ya jezi iwe nyeupe au kijivu cheupe, halafu mkono wa kwanza changanya njano na kahawia kidogo upate rangi ya haradali, hiyo inashika vizuri, ndio juu yake njano safi mara mbili. Ikikauka, kahawia iliyozimuliwa sana na maji na tone dogo la sabuni ya vyombo, iguse kwenye mikunjo tu. Sabuni inavunja ule mvutano wa maji kwa hiyo rangi inajificha yenyewe kwenye mifereji badala ya kusimama juu kama tone. Ukiona mikunjo ya jezi inatokea mbele ya macho yako utaelewa kwa nini watu tunakaa na hivi vitu mpaka saa nane usiku. Kwa minyororo na mabega ya chuma tumia brashi kuukuu ya mekapu ya dada, chovya rangi ya fedha kidogo, futa kwenye karatasi mpaka uone kama imeisha, afu pangusa juu juu. Inashika kwenye kingo peke yake.

Sasa ule mkono. Mchezo huu kampuni ya Games Workshop ya Uingereza iliutoa mwaka 1986 na kwa miaka mingi vidoli vyake vingi vilikuwa vya metali, ndio maana ushauri mwingi unaosoma unakwambia supagluu. Kwa metali ni sawa. Kwa plastiki yako ipo gundi ya plastiki, ya wanaounda modeli za ndege na magari, na yenyewe haibandiki, inayeyusha kidogo pande zote mbili zikachanganyika, ikikauka hakuna kiungo tena, ni plastiki moja. Ndiyo, ni ile ile tabia ya thina ya kula plastiki, ila hapa unaipima kwa tone. Ila inataka plastiki kwa plastiki tupu, kukiwa na rangi katikati au supagluu ya zamani haishiki, kwa hiyo kwangua pale kwa wembe mpaka uone plastiki yenyewe.

Supagluu inaganda kwa unyevu wa hewa, inakuwa ngumu kama kioo na kama kioo haipendi kugongwa, mkono umening'inia hewani kidoli kimeanguka mara moja, imeachia. Ule ukungu mweupe ni mvuke wake wenyewe uliotua pembeni ukagandia hapo, unatokea ukiweka nyingi. Haujala kitu, kwangua kidogo, rangi itaufunika.

Kama gundi ya plastiki hujaipata, weka pini. Nyoosha klipu ya karatasi, toboa tundu la milimita 1 kwenye bega na lingine kwenye mkono, chomeka waya, tone la supagluu. Ili matundu yakutane, weka nukta ya rangi mbichi kwenye bega, bana mkono hapo, utatoa, nukta itakuwa imehamia pale pa kutoboa. Keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole muulize fundi saa, anazo. Usitoboe kwa sindano ya moto, tundu linakuwa kubwa na ule moshi siyo wa kuvuta. Nafasi iliyobaki jaza kwa epoksi ya kukanda ile ya mafundi bomba, lowesha vidole na maji isikunate. Haina ulaini wa zile za wachongaji, kwa msuli au kamba ya bega inatosha, kwa uso hapana.

Kuhusu golikipa, kwenye Blood Bowl hayupo. Uwanja ni viboksi 26 kwa 15, wanaingia 11 kwa 11, na unafunga kwa kubeba mpira wenyewe mpaka mstari wa mwisho wa wenzako. Lakini usimtupe huyo anayeruka, ni pozi zuri, mfanye mchezaji wa kawaida anayedaka pasi. Unachopaswa kulinda ni kwamba mpinzani akiangalia meza ajue nani ni Thrower (mrusha pasi), nani Blitzer (mvamizi), nani Blocker (mzuiaji), kwa hiyo mtu mwenye mwili mkubwa na chuma kingi usimnyoe akafanana na mdogo. Wengi tunapaka ukingo wa kitako, kile kibao anachosimamia kidoli, rangi moja kwa kila nafasi na namba ya jezi nyuma, timu haizidi wachezaji 16 kwa hiyo namba zinatosha. Anaangalia upande gani haina shida, sheria haijali, kwa hiyo mapacha wako unaweza kuwageuza shingo tu, ukakata pale kola inapoanza ukazungusha kidogo kushoto, tayari ni mtu mwingine. Hiyo ndio ningekushauri ujaribu kabla ya kukata mikono.

Kitako nacho usinunue kitu. Mchanga mweusi wa huko kwenu chini ya Kilimanjaro uchuje kwa chujio la chai, ukaange kwenye kikaango kikuukuu wadudu watoke, bandika kwa gundi nyeupe ya seremala. Majani marefu ni katani, kata nyuzi za milimita 4, funga fungu dogo, chovya mwisho kwenye gundi, simamisha. Nimewahi kuweka hayo karibu na ya dukani na watu wakachagua ya katani.

Mambo matatu yasingoje jibu la mtu kwa maandishi. Supagluu au kemikali yoyote ikiingia jichoni, usivute kope, mwagia maji safi kwa wingi na uende hospitali saa hiyo hiyo. Vidole vikigandana tu, maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu vitaachia. Ukipaka sprei au mafuta ndani ukasikia kichwa kizito au kizunguzungu, toka nje, na kama hakiishi kamuone daktari. Na siku shangazi akituma kidoli cha resini, ile inayovunjika kama biskuti na kukunjika kwa maji ya moto, usiikate wala kuipiga msasa kavu, vumbi lake siyo la kuvuta, isugue ndani ya maji, na usiitie kwenye Dettol hata kidogo.

Ukipanda gari kuja Arusha nibebee wawili, mmoja wa wale waliopakwa na mmoja mtupu, pamoja na brashi unayotumia, nitaelewa zaidi nikiona unavyoishika kuliko kwa picha. Ila kabla hujaja, anza leo na huyo aliyevunjika mkono. Kwangua bega, toboa, weka pini, halafu mpake jezi tu, uso mwachie wa mwisho.